Amplifaya Ndogo za Vali: Kwa Nini Zinatafutwa Tena Nairobi?

Aliyepita Barabara ya Luthuli, katikati ya Nairobi, anayajua maduka ya spika ya pale. Yamepangana bega kwa bega, na kila moja lataka kumshinda jirani yake kwa kishindo. Pale kinachouzwa ni ukubwa. Lakini katika mji huo huo, upande wa magharibi, Kilimani, Lavington na Westlands, nimekutana na wapigaji gitaa, wengi wao vijana, wanaotafuta kinyume chake: amplifaya kuukuu, ya vali, yenye nguvu ya wati 5 tu, ambayo mtu huibeba kwa mkono mmoja kama kapu la sokoni. Tena wako radhi kuitolea fedha ambazo kwazo wangepata mpya, yenye nguvu mara kumi.

Mtu atasema huo ni ulimbwende wa watu walioshiba. Ulimbwende haukosi, sikatai. Ila lipo na jambo jingine, na hilo ndilo lililonifanya niandike.

Vijana wengi wa leo hawajaiona vali kwa macho, kwa hivyo niieleze. Ni kichupa cha kioo kilichoondolewa hewa. Ndani mna uzi unaopashwa moto na vibati vinavyouzunguka. Mwingereza John Ambrose Fleming aliitengeneza ya kwanza mwaka 1904, na mwaka 1906 Mmarekani Lee de Forest akaongeza kiungo cha tatu ndani yake. Kwa kiungo hicho umeme mdogo ukaweza kuutawala umeme mkubwa. Hapo ndipo sauti ya kunong'ona ilipoweza kukuzwa ikawa ya kujaza ukumbi. Mwaka 1947 ikavumbuliwa transista, ndogo kama punje, isiyohitaji kupashwa moto, na baada ya miaka michache vali ikaanza kutupwa jalalani.

Wapigaji gitaa ni miongoni mwa waliokataa kuitupa, na sababu yao ina maana. Transista ikizidiwa nguvu huikata sauti ghafla, kama mkasi. Vali ikizidiwa huikunja taratibu. Ukiugusa uzi wa gitaa polepole, sauti hutoka safi. Ukiugonga kwa nguvu, hunenepa na kukwaruza kidogo, kama koo la mwimbaji aliyekesha harusini. Kwa hivyo mkono wa mpigaji ndio unaoamua, wala si kitufe. Mpiga udi hahitaji kuelezwa jambo hili, kwani chombo chake ni hivyo hivyo tangu zamani.

Niseme kweli: siku hizi hata simu ya mkononi huweza kuiga sauti ya vali, na ukinifumba macho ukaniuliza ipi ni ipi, huenda nikakosea, na wewe pia, msomaji. Tofauti huijua zaidi anayepiga kuliko anayesikiliza. Lakini hiyo si sababu ya kuidharau. Mshairi naye huyajua mambo ya mizani ambayo msikilizaji hayahesabu, na shairi likikosa mizani hata asiyehesabu huhisi pana jambo limelegea.

Sasa turudi kwenye udogo. Amplifaya maarufu kuliko zote za aina hii ni Champ ya kampuni ya Fender ya Marekani, iliyotoka mwishoni mwa miaka ya 1940 na kuendelea kutengenezwa kwa sura mbalimbali hadi mwanzo wa miaka ya 1980. Mwenye kampuni, Leo Fender, hakuwa mpigaji gitaa. Alikuwa fundi wa redio, aliyefungua duka lake la matengenezo mjini Fullerton, California, mwaka 1938. Na ukiifungua Champ utaona alama ya mkono wa fundi redio: vali tatu basi, moja ya kuipokea sauti, moja ya kuipa nguvu, moja ya kuunyoosha umeme, na spika moja. Vali za namna hiyo hiyo zilikuwamo ndani ya redio za mezani za wakati huo. Kwa ufupi, ile ni redio iliyotolewa kipokezi cha mawimbi.

Na redio hizo sisi watu wa pwani tulizijua. Kwa babu yangu ilikuwako moja, ya mbao, iliyofunikwa kitambaa cha kufuma. Ukiiwasha haikusema kitu. Ulingoja ipate moto, na wazee barazani wakingoja nayo, kisha sauti ikaja kama mtu anayekuja kutoka chumba cha ndani. Nyingi zilikuwa na tundu kwa nyuma la kuchomekea kinanda cha santuri. Katika tundu hilo hilo mwenye gitaa la umeme aliweza kuchomeka waya wake, na redio ya nyumbani ikawa amplifaya.

Ndiyo maana huwaambia vijana hawa wa Kilimani wasidhani sauti wanayoitafuta ni ya Wamarekani peke yao. Fundi Konde, mzaliwa wa sehemu za Kilifi, mwaka 1924, alianza kurekodi sahani zake mwaka 1947, baada ya utumishi wa vita huko Asia, na hutajwa miongoni mwa watu wa kwanza wa Kenya kupiga gitaa la umeme. Gitaa la umeme la miaka ya 1950 lilipita wapi? Katika vali, njia nyingine haikuwako. Amplifaya za gitaa za transista zilianza kuenea katikati ya miaka ya 1960. Kwa hiyo ule utamu wa nyimbo za Kiswahili za wakati huo, ule uduara wa sauti ambao tunadhani ni wa umri wa sahani, kwa sehemu ni wa vichupa vya kioo vilivyopata moto. Konde alifariki mwaka 2000. Nyimbo zake za 1947 hadi 1956 zilikusanywa na kutolewa upya mwaka 1994, na waliozitoa walikuwa kampuni ya London, RetroAfric. Vijana nawauliza kama wamezisikia. Wengi wananitajia majina ya wapigaji wa Chicago.

Hapa nina ugomvi mdogo nao. Wanainunua amplifaya ndogo ili waitie ukali hadi ikwaruze, kama walivyosikia katika sahani za ng'ambo. Sawa, ni haki yao. Lakini gitaa la benga halitaki kukwaruza. Lataka kila uzi usikike peke yake, safi, mbio mbio, kama mvua juu ya bati. Vali inalisaidia kwa njia nyingine: hulainisha ncha ya mgongo wa uzi bila kuuficha. Ukishusha sauti, ukaacha mkono ufanye kazi, ndipo utaisikia.

Kushusha sauti, kwa Nairobi ya leo, si suala la ladha peke yake. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zinaweka kikomo cha desibeli 50 mchana na 35 usiku nje ya nyumba katika maeneo ya makazi. Kwa miaka mingi ziliandikwa tu. Mnamo Novemba 2022, baada ya malalamiko ya wakazi, serikali ya kaunti ya Nairobi ilitangaza kufuta leseni za vilabu vya usiku vilivyo katikati ya makazi, na kitongoji kama Kilimani ndiko kelele hizo zilikovuma zaidi. Mahali palipokuwa na nyumba moja na bustani yake, sasa pana ghorofa kumi, na ukuta wa sebule yako ni ukuta wa chumba anacholala mtoto wa mwenzio. Haki ya jirani sisi tulifunzwa chuoni kabla ya kufunzwa hesabu.

Lakini mtu asidanganyike na hizo wati 5. Nguvu ikipungua mara kumi, masikio husikia kama sauti imepungua nusu tu. Champ iliyofunguliwa hadi mwisho, ukisimama karibu nayo, hupita desibeli 90. Faida yake si kwamba ni bubu. Faida ni kwamba utamu wake hufika mapema, na ile ya wati 50 haianzi kunoga mpaka mtaa mzima umeamka.

Kinachonitia wasiwasi ni mafundi. Zamani, Barabara ya River na vichochoro vyake havikukosa mtu wa kufungua redio ya vali. Leo wanaobaki ni wazee, na mwanafunzi haji, kwa kuwa riziki iko kwenye simu na televisheni bapa. Juu ya hayo kazi hii ina hatari ambayo simu haina. Ndani ya amplifaya hata ndogo hupita umeme wa zaidi ya volti 300, na kapasita huweza kuuweka umeme huo hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Fundi mzee huumwaga kwanza kwa utaratibu wake, kisha ndipo hutia mkono. Anayejifunza kwa kutazama picha za video ndiye nimwogopeaye.

Vali zenyewe zimekuwa adimu. Viwanda vikubwa vya Ulaya Magharibi na Marekani vilifungwa, na zinazotumiwa sasa nyingi hutoka Urusi, Slovakia na China. Machi 2022, baada ya vita vya Ukraine kuanza, mauzo ya vali kutoka kiwanda cha Saratov, Urusi, yalisimamishwa kwa muda, na bei ikaruka duniani kote. Mpigaji gitaa wa Lavington akakuta chombo chake kimefungwa na vita ambavyo hakuwa na habari navyo.

Anayetaka kununua, basi, aisome kwanza karatasi iliyo nyuma ya chombo. Ya Marekani aghalabu huandikwa volti 110 au 120, na umeme wetu ni 240. Ukiichomeka hivyo hivyo utaiunguza, na transfoma yake ni taabu kuipata. Za Uingereza, kama Vox, Selmer na Watkins za miaka ya 1950 na 1960, hukubaliana na umeme wa hapa. Zilitengenezwa kwa umeme wa kwao, na kwao ndiko tulikorithi soketi yetu ya pini tatu. Kisha asiiwashe dukani kwa pupa. Aichukue kwa fundi aliyewahi kufungua redio ya mbao, angali yuko, na kama ana mtoto wa kiume au wa kike mwenye kupenda vyuma, aende naye akakae kando atazame.