Oringi za Akiba katika Zana za Kuzamia

Miongoni mwa vipuri vyote apakiavyo mzamiaji katika chombo chake, hakuna kilicho rahisi na kidharauliwacho kama ile pete ya mpira ambayo mafundi wa gereji huiita oringi. Pete ikaayo kwenye mdomo wa vali ya mtungi wa hewa ina upana wa milimita 16 tu, sawa na ukucha wa kidole gumba. Lakini mtungi uliojaa hubeba hewa yenye kanieneo mara 200 hivi ya ile ya ufukweni, na mwanafunzi wa fizikia aweza kukokotoa yafuatayo: juu ya duara la milimita 16 hewa hiyo husukuma kwa nguvu ya nyutoni 4,000, kama uzito wa kilo 400. Uzito huo hubebwa na skrubu inayoishikilia regyuleta, yaani kifaa cha kupunguzia kanieneo. Kazi ya pete ni kuuziba ufa mwembamba uliobaki kati ya chuma na chuma.

Wako wasemao kwamba mpira ni mpira, na kwamba pete yoyote iingiayo mahali pake yatosha. Kwa rai hiyo hununuliwa kisanduku chenye mamia ya pete za kila ukubwa, kilichotengenezwa kwa ajili ya mabomba na mitambo ya magari, kikatiwa chini ya benchi la chombo. Kisanduku hicho humpa mwenyewe imani ya kuwa amejiandaa. Kwa kweli kimemwongezea hatari, kwa kuwa sasa uchaguzi utafanywa kwa jicho, chombo kikiyumba, wageni wamekwisha vaa, na nahodha anaitazama saa.

Jicho hudanganyika kwa urahisi katika jambo hili. Watengenezaji wengi wa zana za kuzamia hufuata orodha ya vipimo ya Kimarekani iitwayo AS568. Katika orodha hiyo, pete namba 014, itumikayo kwenye vali nyingi zinazofungwa kwa nira, ina tundu la milimita 12.42. Pete namba 112, ya regyuleta nyingi zinazofungwa kwa skrubu ya DIN, ina tundu la milimita 12.37. Tofauti ni sehemu tano za mia za milimita, na zikipachikwa kwenye ncha ya kidole zote mbili hukaa sawasawa. Ila unene wa mpira wa ile ya kwanza ni milimita 1.78, na wa ile ya pili ni milimita 2.62. Pete nyembamba ikitiwa katika mfereji wa pete nene hulala chini, haibanwi. Pete nene katika mfereji wa pete nyembamba hujitokeza nje na kukatwa na ukingo wa chuma. Kalipa ya vernia, kifaa kilichomo katika maabara za shule nyingi, ingeyafichua hayo kwa dakika moja.

Sababu ya umuhimu wa unene imo katika namna pete ifanyavyo kazi. Niels Christensen, mzaliwa wa Denmark aliyehamia Marekani, aliomba hataza ya pete hii mwaka 1937, naye amepita umri wa miaka 70. Alipewa mwaka 1939. Katika ubunifu wake mfereji ni mpana kidogo kuliko pete, na kina chake ni pungufu ya unene wake. Pete hubanwa kidogo tangu mwanzo. Kisha hewa yenyewe huisukuma hadi kwenye kona ya mfereji, na kadiri kanieneo inavyozidi ndivyo pete inavyozidi kujibandika. Ule mbano wa kwanza usipokuwapo, hewa hupata njia kabla pete haijawahi kusukumwa.

Kipimo sahihi nacho hakitoshi. Ugumu wa mpira hupimwa kwa kipimo cha Shore, na pete za matumizi ya kawaida huwa za ugumu wa 70. Kwenye mdomo wa vali hutakiwa zaidi pete za 90, kwa kuwa mpira laini chini ya kanieneo kubwa hukamuliwa kama unga na kupenyezwa katika ufa. Ubaya wake ni kwamba pete laini yaweza kushika vizuri mtungi unapofunguliwa chomboni, ikaachia baadaye majini. Katika kina cha mita 20 kanieneo ni mara tatu ya ile ya juu, na hewa iliyomo mapafuni mwa mtu apandaye hutanuka hadi mara tatu. Akipaparika na kuizuia pumzi, mapafu yaweza kupasuka.

Kuhusu aina ya mpira, wauzaji hupenda kuisifu Viton kuwa ni bora kuliko zote, na bei yake husaidia sifa hizo. Katika hewa ya kawaida naitrili yatosha kabisa. Mahali ambapo hewa imeongezwa oksijeni kwa wingi, Viton au ethilini-propilini hupendelewa kwa kuwa haziwaki upesi kama naitrili, na hata grisi hubadilishwa. Lakini Viton hukakamaa katika baridi. Tarehe 28 Januari 1986 chombo cha anga Challenger kilivunjika sekunde 73 baada ya kuruka, kikawaua watu saba, mmoja wao mwalimu wa shule, baada ya pete za aina hiyo katika kiungo cha roketi ya kando kushindwa kuziba asubuhi ya baridi kali. Bahari ya Unguja haina baridi ya namna ile. Hata hivyo, mzamiaji wa ziwa la barafu huko Ulaya na yule wa Pemba hawana sababu ya kununua pete kwa sifa moja.

Ni pete zipi, basi, zichukuliwe? Chache mno kuliko inavyodhaniwa. Pete ya akiba ina maana mahali panapoweza kufunguliwa chomboni tu: mdomo wa vali, na viungo vya mipira ya hewa kwenye regyuleta, ambavyo mara nyingi huchukua namba 011 kwa kanieneo ndogo na 012 kwa kubwa. Namba hizo zithibitishwe katika kitabu cha kifaa chenyewe. Pete ya shingo ya mtungi, namba 214 kwa mitungi mingi, haina nafasi katika mfuko wa mzamiaji. Vali haitolewi ila mtungi ukiwa mtupu, karakanani, na fundi aijuaye kazi hiyo. Hali kadhalika pete za ndani ya regyuleta. Kuzibeba ni kujialika kufanya yasiyopasa.

Atapinga mwenye chombo kwamba vipuri vya asili huagizwa mbali na huchelewa. Ni kweli, na ndiyo sababu ya kuviagiza mapema. Kila aina iwekwe katika pakiti yake, imeandikwa namba, mpira na ugumu, mbali na jua na joto la injini, wala isining'inizwe msumarini, kwani naitrili iliyovutwa hupasuka kwa ozoni ya hewani. Na pete kuukuu, iliyobonyea upande mmoja au kuonyesha nyufa inapokunjwa, ikatwe kwa kisu papo hapo, isije ikarudishwa pakitini na mtu mwenye haraka.