Kandege ka Mpira na Orodha Zetu za Istilahi

Kila mwaka fakilte yetu inapokea kazi za mwisho wa masomo zenye vichwa vinavyofanana: istilahi za ufundi fulani katika Kiswahili. Mwanafunzi anakopa kamusi ya Kifaransa, anachora safu mbili, anajaza ya kulia, anatetea, anapigiwa makofi. Kazi inaenda maktaba. Fundi aliyetajwa kwenye utangulizi haoni hata ukurasa mmoja. Ninasema wazi: istilahi ambayo haijawahi kushikwa kwa mkono isipewe alama.

Mfano wangu ni mdogo na wengine wataucheka: kandege kanakoendeshwa kwa utepe wa mpira uliosokotwa. Si mchezo wa juzi. Tarehe 18 Agosti 1871, katika bustani ya Tuileries mjini Paris, Alphonse Pénaud, kijana wa miaka 21, alirusha kandege ka namna hiyo, kakaenda karibu mita 40 kwa sekunde 11. Rubani hakuwamo, mkia ndio uliokuwa ukikarudisha sawa kila kakitaka kuanguka. Wakati huo Leopold II alikuwa bado hajaanza kukusanyisha mpira misituni kwetu kwa mjeledi. (Baadaye tuliutoa mpira kwa damu, na leo hata neno la kuelezea kazi yake tunalisubiri kutoka Paris.)

Chukua Cessna Caravan, ile inayotua kwenye viwanja vya udongo vya nchi nzima. Mabawa yake, ncha hadi ncha, ni karibu mita 16. Ukiyafanya sentimita 40, umepunguza mara 40. Ukipunguza kila kitu vilevile, rafadha inabaki sentimita 7 hivi, nayo haitavuta kitu. Kwa hiyo wajenzi wanaweka ya sentimita 15 au zaidi, wanapanua mkia wa ulalo, wanainua kidogo ncha za mabawa, kwa sababu hakuna rubani wa kusahihisha. Nakala aminifu mno inabaki juu ya kabati. Wenzangu wanaotafsiri neno kwa neno waisome aya hii mara mbili.

Ila utajiri wenyewe uko katika kukasawazisha. Kwanza kanarushwa polepole bila kusokota mpira, asubuhi kabla upepo haujaamka, juu ya majani marefu. Kakiinua pua, kakapoteza mwendo, kakadondoka, kisha kakainua tena, upande wa nyuma ni mzito: unabandika kipande cha udongo puani. Mabaharia wa pwani wana neno farumi, uzito unaotiwa chomboni kisipinduke. Neno lipo tayari; linahitaji tu kutoka majini lipande hewani. Kakipiga mbizi, unapunguza farumi.

Kisha mpira unasokotwa, mizunguko mia kwanza, si yote. Mpira ukiachiwa una nguvu nyingi mwanzoni, zinapungua ghafla, halafu unaendelea kwa utaratibu. Ndiyo maana kandege kanasimamisha kichwa na kulalia kushoto pale pale mwanzoni. Fundi mwenye akili hagusi tena mkia, maana kuteleza bila nguvu kulikwisha kuwa sawa. Anaelekeza mhimili wa rafadha chini kidogo na kulia kidogo. Anabadilisha kitu kimoja, anarusha, anatazama.

Hapa nomino hazitoshi. Orodha zetu zimejaa nomino, wakati kazi hii inataka vitenzi, na vitenzi ndiyo mali ya lugha za Kibantu. Kunja, kunjua, funga, fungua: kwa nini tusiseme sokota, sokotoa, na mpira ukasokotoka wenyewe? Mtoto anayepinda waya mtaani ataelewa kabla ya profesa. Na kutengemaa, tulikowaachia wanasiasa, kunapata hapa maana inayoonekana kwa macho: kitu kimesukumwa, kimerudi chenyewe.

Nimekwisha kusikia jibu kwamba sisi si politekniki. Kweli, balsa inatoka mbali na ni ghali. Lakini vijiti vya mianzi vilivyochongwa vyembamba, karatasi laini, gundi na utepe vinatosha, ingawa kandege kanakuwa kazito na hakakai sana hewani. Pingamizi lenye uzito ni jingine: Lubumbashi watasema neno hili, Bukavu lile, na asistanti anataka moja la kusahihisha. Basi tuandike yote mawili, kila moja na mji wake, na wanaorusha ndio watakaochagua.

Kwa baraza la fakilte ninaomba kifungu kimoja tu. Mwanafunzi wa istilahi alete, pamoja na orodha yake, maelezo ya kurasa tatu yanayotumia maneno hayo, na mtu asiyesoma kwetu ayafuate kwa mikono yake mbele ya jopo. Kandege kakianguka, iulizwe kwanza ni neno gani halikueleweka. Na jopo likae nje, kwenye majani, saa kumi na mbili na nusu asubuhi.