Muhuri wa Kamishna wa Viapo Unathibitisha Nini?

Katika ofisi nyingi za umma imeota mizizi desturi moja. Mwananchi akifika na karatasi yake, mtumishi hatazami kilichoandikwa bali hutazama kama kuna muhuri. Muhuri ukiwapo, karatasi huingizwa katika jalada na shauri likahesabiwa kuwa limekwisha. Usipokuwapo, mwananchi huambiwa arudi kesho. Wapo hata wanaoamini kwamba mihuri miwili ina nguvu kuliko mmoja. Desturi hii huitwa uangalifu, kumbe ni uvivu tu.

Kamishna wa viapo, ambaye mara nyingi ni wakili ingawa mahakimu nao huapisha, hathibitishi kwamba maelezo yaliyomo katika hati ya kiapo ni ya kweli. Anachothibitisha ni kwamba mtu fulani, anayemfahamu yeye mwenyewe au aliyetambulishwa kwake, alifika mbele yake, akaapa na kutia sahihi mahali fulani na siku fulani. Ukweli wa maelezo ni mzigo wa mwenye kuapa, na akisema uongo ndiye atakayejibu mbele ya sheria. Ndivyo ilivyo pia kwa nakala ya cheti iliyogongwa muhuri. Muhuri huo husema tu kwamba nakala inalingana na karatasi iliyoonyeshwa kuwa ndiyo halisi. Ikiwa karatasi yenyewe imeghushiwa, kilichopatikana ni nakala sahihi ya uongo.

Taifa limekwisha kuuona ubaya wa kutolielewa jambo hili. Mwezi Aprili 2017, Rais Magufuli alipokabidhiwa mjini Dodoma taarifa ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, watumishi 9,932 walitajwa kuwa na vyeti vya kughushi, ingawa baadhi yao walikata rufaa. Watumishi hao hawakuingia kazini kwa kuvunja mlango usiku. Walipokewa mchana, na karatasi zao zikawekwa masjala. Kilichofichua udanganyifu hakikuwa kuikodolea macho mihuri, bali kurudi kwenye chanzo, yaani kulinganisha vyeti na kumbukumbu za Baraza la Mitihani.

Ubaya mkubwa zaidi huwapata wasio na sauti. Chukua mfano wa mjane ambaye shemeji yake anafika ofisini na hati ya kiapo inayosema kwamba yeye shemeji ndiye mrithi pekee wa shamba la marehemu. Hati imepigwa chapa vizuri na muhuri umekaa mahali pake. Mtumishi asiyejua maana ya kiapo atamwandikia barua, na kuanzia siku hiyo mjane ni mgeni katika shamba alilolilima kwa mikono yake. Lakini kiapo hakimfanyi mtu kuwa mrithi. Msimamizi wa mirathi huteuliwa na mahakama, na mwenye kudai mali ya marehemu hana budi kuonyesha uteuzi huo. Kujua jambo hili moja tu kungewaokoa wajane wengi na safari ndefu za mahakamani.

Basi hati isomwe, na usomaji uanzie chini, pale penye maneno ya kiapo. Sheria ya wathibitishaji na makamishna wa viapo, Sura ya 12, inamtaka kamishna aandike jina lake, na ataje kwa kweli mahali na tarehe ya kiapo. Hati yenye nafasi tupu ya tarehe au mahali haijakamilika, hata muhuri wake ung'ae namna gani. Sheria hiyo hiyo inamkataza kamishna kutumia madaraka yake katika shauri ambalo yeye ni wakili wa upande mmojawapo au ana maslahi nalo. Kwa hiyo jina lililo kwenye muhuri lilinganishwe na majina mengine yaliyomo katika shauri. Kama kuna shaka iwapo mgonga muhuri ni wakili kweli, orodha ya mawakili ipo Mahakama Kuu.

Wako pia mawakili wanaopaswa kuonywa. Kamishna anayetia sahihi rundo la karatasi zilizoletwa na karani, bila kuwaona walioapa, anathibitisha jambo ambalo halikutokea. Na kuna suala la lugha. Tangu mabadiliko ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama, lakini mkulima bado huletewa kiapo kwa Kiingereza, akaonyeshwa mahali pa kuweka dole gumba. Mtu huyo ameapa juu ya nini? Mtumishi anayepokea hati ya namna hiyo anaweza kumwuliza mwenyewe, kwa Kiswahili, kabla ya kuifungia katika jalada.