Bosi wa Pili Juu ya Pikipiki Moja

Kila mtumishi anayehamishiwa Mpanda akitokea Dar es Salaam huuliza swali lilelile katika wiki yake ya kwanza: huku hakuna Bolt? Akijibiwa kwamba huku usafiri ni kijiwe cha bodaboda, hutikisa kichwa kwa huruma, kana kwamba ameambiwa hakuna hospitali. Huruma hiyo imeanza kuwaambukiza vijana wetu wasomi, ambao sasa wanahubiri kwamba programu za usafiri ndizo zitakazoleta ustaarabu Katavi. Nina hoja dhidi yao, na nitaitaja bila kuzunguka: mazuri ya programu hizo tunaweza kujipatia wenyewe, na mabaya yake yatamwangukia mtu ambaye tayari ana mzigo wa mwingine mgongoni.

Upande wa pili nao upewe haki yake. Teksi ya zamani ya Dar es Salaam ilikuwa na dhambi moja kubwa: bei yake ilitegemea sura ya abiria. Mgeni mwenye begi, mama mwenye mtoto mgonjwa saa nane usiku, kila mmoja alikuwa na nauli yake, iliyopimwa kwa ukubwa wa shida yake. Uber ilipoingia jijini mwaka 2016, ikafuatwa na Taxify ambayo leo inaitwa Bolt, abiria alianza kuona nauli kabla ya kupanda, akaona na jina la dereva na namba ya gari. Halikuwa jambo dogo. Madereva wa teksi waliolalamika kwamba wamenyang'anywa wateja walipaswa kwanza kujiuliza kwa nini wateja hao waliondoka kwa furaha namna ile.

Dhambi hiyohiyo tunayo sisi. Anayeshuka treni Mpanda kwa mara ya kwanza, akitaka kwenda Kawajense au Nsemulwa, hatajiwi nauli ya mwenyeji. Mwanamke anayetoka kazini usiku hupanda pikipiki ya mtu asiyemjua, asiyevaa namba yoyote, na likimpata jambo, atakachoweza kuwaeleza polisi ni rangi ya koti. Anayekitetea kijiwe bila kulitaja hili anawatetea wanaume wenzake tu.

Lakini tufungue sasa mfuko wa dereva, maana ndimo hesabu inamofichwa. Waendesha bodaboda wengi hawamiliki pikipiki wanazoendesha. Pikipiki ni ya bosi: mwalimu, mfanyabiashara, askari, afisa wa halmashauri, pengine wewe unayesoma hapa. Kijana hupeleka hesabu kila jioni, au yuko kwenye mkataba ambao akiumaliza chombo kinakuwa chake. Tuchukue mfano wa kijana aliyeingiza shilingi 30,000 kwa siku, na iwe siku nzuri. Hesabu ya bosi 10,000. Mafuta 8,000. Zimebaki 12,000, na humo atoe chakula, oili, pancha, na siku nyingine faini ya trafiki, ambayo Bunge liliishusha kwa bodaboda mwaka 2021 kutoka 30,000 hadi 10,000 kwa kosa na bado inauma. Sasa leta programu inayokata asilimia 25 ya kila safari. Hiyo ni 7,500. Kijana anarudi nyumbani na 4,500 kwa kutwa nzima ya jua na vumbi, kabla hajala. Bosi wa kwanza hajaenda popote. Amepata mwenzake, asiyejulikana sura, anayeishi ndani ya simu.

Watetezi husema programu itamwongezea dereva safari, kwa hiyo makato yatajilipa. Dar es Salaam hoja hiyo ilikuwa na uzito, kwa sababu walikuwapo watu wengi waliotaka gari lakini wakaiogopa bei ya teksi. Programu iliwatoa kwenye daladala. Mpanda abiria wa bodaboda tayari anapanda bodaboda. Anayekwenda sokoni atakwenda sokoni, anayewahi hospitali atawahi hospitali, na kijiwe kiko mita mia moja kutoka mlangoni kwake. Programu haitazaa abiria wapya wa kutosha. Itasimama katikati ya watu wawili waliokuwa wanaonana, na kutoza ushuru wa kuwatambulisha.

Asilimia 25 sikuiokota hewani. Machi 2022, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, ilipanga kwamba kamisheni ya kampuni hizi isizidi asilimia 15. Uber ikasimamisha huduma zake nchini mwezi uliofuata. Ilipofika Agosti, Bolt nayo ikapunguza zake na kubaki na wateja wa makampuni. Januari 2023 mamlaka ikapandisha ukomo hadi asilimia 25, na juu yake ikaruhusu ada ya kuita usafiri ya asilimia 3.5. Huduma zikarejea. Wanafunzi wangu wa sera za umma wanaweza kuusoma mfuatano huo bila mwalimu: chombo cha dola, kilichoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 2019, kilitoa agizo, kampuni ikafunga programu, aliyerudi nyuma ni mwenye sheria. Simlaumu sana. Kufikia wakati huo kulikuwa na madereva waliochukua magari kwa mkopo wakitegemea programu, na abiria waliokwisha kusahau kupatana bei. Utegemezi ukishaota mizizi, mazungumzo yamekwisha kabla ya kikao kufunguliwa. Mpanda hatujafika hapo, na nafasi yetu ya kupanga masharti ni leo.

Wazee wa mji huu wanajua reli yao ililetwa na nini. Tawi linalotoka Kaliua lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya madini ya risasi, yaani lilijengwa ili mali itoke. Hata hivyo, mgodi ulipofungwa reli ilibaki, na mpaka leo inabeba mazao na watu. Programu ikiondoka haiachi hata taruma moja.

Na ikibaki, dereva wake ni nani kisheria? Mahakama ya Juu ya Uingereza ililijibu swali hilo tarehe 19 Februari 2021 katika shauri la madereva wa Uber. Ilisema kwamba kampuni ndiyo inayopanga nauli, ndiyo inayoandika masharti, ndiyo inayombana dereva anayekataa safari. Basi madereva wale ni wafanyakazi wenye haki ya kima cha chini cha mshahara na likizo yenye malipo. Ilichukua miaka kadhaa na mawakili wa gharama kubwa. Kijana wa Makanyagio akifungiwa akaunti kwa ujumbe mfupi wa simu atabisha hodi katika ofisi gani? Bosi wake wa pikipiki, pamoja na ugumu wake wote, ana nyumba inayojulikana na mwenyekiti wa mtaa anayeweza kumwita.

Mkoa wa Katavi ulihesabiwa kuwa na watu 564,604 mwaka 2012. Sensa ya 2022 ilikuta 1,152,958. Mahali panapokua kwa kasi hiyo patavutia wakataji wa kamisheni, tupende tusipende. Ninachodai ni kwamba wakifika wakute kazi imefanyika. Nauli za kutoka stesheni na stendi kwenda kila kata ziandikwe ubaoni kwa herufi zinazosomeka usiku, baada ya kupatanwa na viongozi wa vijiwe na abiria, wanawake wakiwemo. Kila dereva avae reflekta yenye namba kubwa mgongoni, na daftari la namba hizo liwepo kijiweni na polisi. Hapo abiria atakuwa amepata nauli inayojulikana na dereva anayejulikana, vitu viwili alivyovikimbilia kwenye simu.

Kisha huyo bosi wa kwanza. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 kati ya hizo ni ya vijana. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake urekebishwe, na mwaka uliofuata ikarejeshwa. Pikipiki za vikundi vya vijana, zinazolipiwa kwa bei ya dukani badala ya bei ya mkataba, zingepunguza hesabu ya kila jioni kuliko hotuba yoyote kuhusu uchumi wa kidijitali. Ninatambua ugumu uliopo: baadhi ya watakaoketi kuidhinisha mikopo hiyo ndio wenye pikipiki za hesabu.

Nimeshaambiwa na rafiki mmoja aliye serikalini kwamba haya yote ni ya LATRA, na kwamba manispaa isubiri mwongozo. Manispaa haisubiri mwongozo inapotaka ushuru wa stendi. Rangi na mbao za kuandikia nauli zinauzwa hapahapa mjini.