Kariakoo si soko tu

Tukitoka Lupaso tukafika Dar es Salaam, wengi wetu hutembelea Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa kati ya 1897 na 1902. Tunasali, tunapiga picha, kisha tunakwenda Kariakoo kununua vitenge na simu. Si vibaya. Lakini je, tumeuliza maana ya jina Kariakoo?

Limetokana na “Carrier Corps”, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Vita hivyo vilifika hadi kwetu, Masasi na Newala. Wapagazi walikufa kwa maelfu, kwa njaa na magonjwa, wengi bila kaburi linalojulikana. Mjini, sanamu ya mwaka 1927 inamwonyesha askari na bunduki yake. Sanamu yenyewe si ya mpagazi na mzigo wake.

Kariakoo nyumba za zamani zinabomolewa, maghorofa yanapanda. Jina limebaki. Sisi tunaofundishwa kuwaombea marehemu wote, hata waliosahauliwa, tusilitamke kama jina la duka. Safari ijayo, kabla ya kuuliza bei, tuwasalie wapagazi hao Baba Yetu moja.