Windows ya fundi inavyowakosesha apdeti wenye laptop za mtumba Morogoro

Oktoba 14, 2025 Microsoft iliacha kutoa apdeti za bure za usalama kwa Windows 10. Mitaani Kihonda, Mazimbu na Bigwa hakuna aliyeshtuka. Laptop ziliwaka kama kawaida, steshenari ziliendelea kuprinti, wanafunzi wakaendelea na ripoti zao za field.

Kinachoanza sasa hakionekani kwa macho. Kila tundu jipya la kiusalama linalogunduliwa kwenye Windows 10 linabaki wazi kwa mashine ambayo haimo kwenye mpango wa nyongeza.

Na mpango wa nyongeza upo. Kwa watumiaji wa nyumbani, Microsoft imeweka mwaka mmoja wa ziada wa apdeti za usalama, hadi Oktoba 13, 2026. Unaweza kuupata bure kwa kuingia na akaunti ya Microsoft na kuruhusu mipangilio ya kompyuta ihifadhiwe kwenye akaunti hiyo. Asiyetaka hivyo analipa Dola 30, yaani zaidi ya Sh70,000.

Utamu uko hapa: usajili mmoja unatosha kompyuta 10 zilizo chini ya akaunti moja. Baba ana moja, binti aliyeko Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) ana yake, na ile ya zamani iko sebuleni kwa wadogo. Tatu tu. Kwa mara moja, kikomo cha leseni kimeizidi familia yenyewe.

Lakini nyumba nyingi hazitauona mpango huo kwenye kioo. Sababu ni flashi ya fundi.

"Nipigie Windows"

Safari ya laptop nyingi za Moro inafanana. Ilitumika ofisini Ulaya, Marekani au Dubai kwa miaka minne au mitano, ikauzwa jumla, ikafika Kariakoo. Siku hizi mtu anapanda SGR asubuhi, anachagua mashine, na jioni yuko nyumbani. Treni yenyewe inakula chini ya saa mbili. Mwingine ananunua hapahapa mjini, maduka ya jirani na Soko Kuu la Chifu Kingalu. Anarudi na HP EliteBook, Dell Latitude au ThinkPad.

Miezi michache mbele inaanza kuwa nzito, au imeingia kirusi. Anaipeleka kwa fundi na sentensi moja: "Nipigie Windows."

Fundi anachomeka flashi. Ndani yake mara nyingi kuna toleo la Enterprise, ambalo Microsoft hulitengeneza kwa ajili ya kampuni kubwa, pamoja na kiprogramu cha kuidanganya Windows ionekane imelipiwa. Nusu saa, kazi imekwisha. Anaongeza Office, antivairasi na VLC. Mteja anaondoka anatabasamu.

Anachokosa kujua ni kwamba huenda alikuwa na Windows halali tangu mwanzo.

Leseni iko ndani ya mashine

Tangu enzi za Windows 8, watengenezaji wakubwa huweka ufunguo wa leseni ndani ya chipu ya kompyuta yenyewe, kwenye programu ndogo inayoamka kabla ya Windows. EliteBook iliyotoka kiwandani na Windows 10 Pro inatembea na leseni hiyo popote. Ukifuta diski yote na kuweka Windows 10 Pro safi, mashine inausoma ufunguo wake na kujisajili ikipata intaneti. Hakuna anayekuuliza namba. Unaweza kurudia mara tano au mara ishirini kwa mwaka.

Hapo ndipo watu wengi wanapochanganya. Kikomo cha leseni ya namna hii hakihesabu mara ngapi umeweka Windows upya. Kinahesabu mashine. Leseni imefungwa kwenye laptop ile moja, na kwa masharti yake haihamishiwi nyingine hata kama ya kwanza imekufa kabisa.

Ile inayouzwa dukani peke yake, bila kompyuta, ni tofauti kidogo. Unaweza kuihamisha kutoka mashine ya zamani kwenda mpya, ila inakaa kwenye moja kwa wakati mmoja. Mwenye ufunguo mmoja anayetaka kuuweka kwenye kompyuta tatu za nyumbani ana leseni moja, na upungufu wa leseni mbili.

Mluguru wa Mgeta au Kinole aliyekulia kwenye shamba la ukoo wa mama hapati shida kuelewa hili. Unalima, unavuna, unaishi nalo miaka, ila halikupi haki ya kwenda kulinadi Msamvu. Leseni ya programu ni haki ya kutumia, kwa masharti ya mwenyewe.

Sasa rudi kwa fundi. Ufunguo ulio ndani ya mashine ni wa Pro. Yeye kaweka Enterprise. Havisomani, kwa hiyo ufunguo halali unakaa kimya na mashine inaendeshwa kwa ujanja. Kisha inakuja Oktoba 2025, na mpango wa nyongeza wa watumiaji wa nyumbani unakubali Home, Pro, Pro Education na Pro ya Workstations, zikiwa toleo la 22H2. Enterprise haimo, yenyewe ina utaratibu wa kampuni, na unalipiwa.

Kwa maneno mengine, mtu aliyekuwa na leseni halali alimlipa fundi amwekee isiyo halali, na sasa isiyo halali ndiyo inamkosesha apdeti za bure. Hasara ya namna hii inaumiza zaidi kwa sababu haikuwa na ulazima wowote.

Kiprogramu kile kinafanya nini

Kampuni zenye kompyuta nyingi huruhusiwa kuwa na seva yao inayothibitisha leseni. Kila kompyuta huhesabiwa kuwa halali kwa siku 180, kisha inatakiwa kuripoti tena. Viprogramu vya mafundi vinaigiza seva hiyo ndani ya laptop. Ndiyo maana ujumbe wa kudai usajili wakati mwingine hurudi baada ya miezi sita, na mteja anarudi kwa fundi akidhani Windows "imeisha".

Ili kiprogramu kikubali, mara nyingi fundi huzima kwanza ulinzi wa kompyuta. Hapo mlango uko wazi. Mwaka 2021 kampuni ya usalama wa mtandao ya Red Canary ilieleza jinsi nakala za KMSPico, moja ya viprogramu maarufu vya aina hiyo, zilivyobebeshwa programu ya kuiba nywila na pochi za sarafu za kidijitali. Mtumiaji aliona Windows imekubali, wakati huohuo taarifa zake zinasombwa.

Na apdeti zenyewe si mapambo. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga kompyuta duniani kote na kudai fedha, kikavuruga hata hospitali za Uingereza. Kinga yake Microsoft ilikuwa imeitoa Machi mwaka huohuo. Waliopigwa ni ambao hawakuiweka.

Office na nyingine zina hesabu zao

Si kila programu inahesabu mashine. Office Home 2024, ile ya kulipia mara moja, ni ya kompyuta moja. Microsoft 365 ya mtu mmoja inamruhusu kuingia kwenye vifaa vitano kwa wakati mmoja, simu ikiwemo. Ya familia inachukua watu hadi sita, kila mmoja na vifaa vyake vitano. Ukibadilisha laptop unatoka kwenye ya zamani na kuingia kwenye mpya.

Adobe, kipenzi cha wahariri wa video za harusi, inakubali kompyuta mbili kwa akaunti moja, na ukitaka ya tatu unaambiwa uiondoe mojawapo.

Antivairasi za kununua kwa boksi huhesabu vifaa pia. Nyingi zina ukurasa wa akaunti ambako unaiondoa mashine iliyokufa kabla ya kuongeza nyingine. Wengi hawafungui kabisa hiyo akaunti. Fundi huweka namba, boksi linatupwa, na laptop ikipigwa Windows tena nafasi moja inakuwa imeliwa bure. Lihifadhi boksi.

Sheria inasemaje

Tanzania inalinda programu za kompyuta kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 24, inakataza kutumia kompyuta kwa nia ya kukiuka hakimiliki. Kama si kwa biashara, adhabu ni faini isiyopungua Sh5 milioni au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Kwa biashara faini inaanzia Sh20 milioni na kifungo miaka mitano.

Isome tena hiyo ya biashara. Steshenari, studio ya picha na fundi anayetoza kwa kila mashine wanaangukia huko, na ndio wenye cha kupoteza zaidi kuliko mwanafunzi.

Fundi si jambazi

Ni rahisi kumtupia fundi lawama zote. Lakini faili la kuweka Windows linazidi GB 4, na kulishusha kwa bando la mfukoni ni gharama ambayo mteja hataki kuisikia. Flashi moja inayokubali kwenye kila mashine ni biashara. Kuwa na nne, kila toleo na yake, ni usumbufu. Mteja mwenyewe haulizi. Anataka iwake.

Bei nayo ina sauti. Utafiti wa muungano wa kampuni za programu, BSA, uliotolewa 2018 ulikadiria kuwa asilimia 37 ya programu kwenye kompyuta duniani hazikuwa na leseni. Kwa Mashariki ya Kati na Afrika ilikuwa asilimia 56, na kwa majirani zetu Kenya 74. Utafiti huo umefanywa na wenye bidhaa, hivyo upokee kwa tahadhari, ila mwelekeo wake hauhitaji ubishi. Programu inayouzwa kwa bei ya Chicago kwa mtu anayelipwa kwa msimu wa mboga za Nyandira itachakachuliwa.

Ndiyo maana jambo la laptop za mtumba linastahili kelele. Hapa bei haihusiki. Leseni ililipiwa na mwenye mashine wa kwanza huko ilikotoka.

Jinsi ya kujua yako

Fungua mipangilio ya Windows, nenda kwenye sehemu ya uanzishaji. Angalia toleo kwanza. Kama imeandikwa Enterprise na wewe si kampuni, jibu umeshalipata. Njia nyingine: fungua dirisha la amri, andika slmgr /xpr, bonyeza Enter. Leseni ya kudumu inasema ni ya kudumu. Ikikupa tarehe ya mwisho, unaendeshwa na ule ujanja wa siku 180.

Kabla ya kumrudia fundi, hamisha mafaili yako kwenye diski ya nje. Kisha mwambie aweke Windows 10 Pro safi, bila kiprogramu chochote, na uunganishe intaneti. Ikijisajili yenyewe, leseni ilikuwepo. Isipokubali, inawezekana mashine ilitoka na Windows 7 au 8: Microsoft ilifunga njia ya kutumia funguo hizo Septemba 2023. Zilizowahi kupandishwa kihalali kabla ya hapo bado zinatambulika. Ikishakubali, iunganishe na akaunti yako ya Microsoft. Siku ukilazimika kubadilisha madabodi, akaunti hiyo ndiyo inayokusaidia kuomba leseni itambulike tena.

Kuhamia Windows 11 si jibu kwa wote. Inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. EliteBook 840 G3, moja ya laptop zinazopendwa sana, ni kizazi cha sita. Mafundi wana njia ya kuilazimisha, ila Microsoft inasema mashine za hivyo hazina uhakika wa kupata apdeti.

Linux haina hesabu ya mashine hata kidogo, na LibreOffice inafungua faili za Word na Excel bure. Watanzania si wageni huko: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Kwa laptop ya sebuleni inayotumika kuandika barua na kutazama YouTube, Ubuntu au Linux Mint inatosha. Kwa mwanafunzi ambaye mhadhiri wake anataka SPSS kwenye Windows, bado.

Kwa hiyo mwenye 840 G3 anayerudisha Pro yake leo na kujisajili ananunua muda hadi Oktoba 13, 2026. Baada ya hapo itabidi achague: Linux kwenye mashine ileile, au safari nyingine ya Kariakoo, na akifika huko aulize kizazi cha prosesa kabla hajauliza bei.