Sifuri Inayoficha Haki ya Mzee

Kuna kauli inayotamkwa maofisini kwa utulivu wa ajabu: "Kompyuta imekataa." Naipinga. Kompyuta hutekeleza kilichoandikwa na binadamu, na binadamu huyo ndiye anayepaswa kujibu.

Naandika nikiwa Makunduchi, kusini mwa Unguja, nikiwafikiria wazee wa Pensheni Jamii. Zanzibar iliianzisha Aprili 2016 kwa wenye miaka 70 na zaidi: shilingi 20,000 kwa mwezi, pasi na kuulizwa kama mtu aliwahi kuajiriwa. Kwa asiye na kipato kingine, fedha hizo ni haki na ni riziki.

Tuseme orodha ya malipo ya namna hiyo imewekwa katika jedwali la Excel lenye maelfu ya mistari. Mwezi huu fomula inamtambua bibi fulani, mwezi ujao inaleta #N/A, mwezi wa tatu inamtambua tena. Watu husema jedwali lina shetani. Shetani hayumo. Nambari ya kitambulisho imeingizwa ikiwa na nafasi tupu mwishoni, au imehifadhiwa kama maandishi. Pengine eneo la kutafutia halikufungwa kwa alama ya $. Fomula ikishushwa, eneo nalo hushuka, na majina ya juu hubaki nje. Kosa huja na kuondoka kwa kuwa kila mwezi data huingizwa kwa mkono mwingine. Mwenye subira huuweka mstari uliokubali kando ya uliokataa, akahesabu herufi kwa LEN, na kosa likaonekana.

Asiye na subira huizungushia fomula IFERROR na kuamuru 0. Jedwali linapendeza, jumla inatoka, ripoti inasainiwa, na bibi ametoweka. #N/A ilikuwa ikisema kweli: "Sikumwona." Sifuri inasema: "Hastahili." Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hapa anayeumbuka ni mwingine.

Wanafunzi wangu wasidhani haya ni ya makarani tu. Mwaka 2010 Reinhart na Rogoff walichapisha makala juu ya deni la taifa na ukuaji wa uchumi, iliyotumiwa na wanasiasa kutetea ubanaji wa matumizi. Mwaka 2013 Thomas Herndon, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, alipata faili lenyewe na kukuta fomula ya wastani imeacha nchi tano. Hakuna seli iliyolalamika.

Basi tudai mambo matatu. IFERROR yenye sifuri ipigwe marufuku katika safu za malipo. Kila #N/A igeuzwe kuwa jina la kufuatiliwa kwa sheha kabla ya siku ya malipo. Na idadi ya waliosajiliwa ilinganishwe na ya wanaolipwa, na mtu wa pili, kabla ya saini.

Mkuu wa ofisi atakayeyapuuza haya asituambie kompyuta imekataa. Aliyekataa ni yeye.